Usambaaji na ufifiaji: MRI inavyopeleleza maji ya ubongo

Kata tita la matete pale ufukweni Kirumba, Mwanza (matete, si mafunjo, maana mafunjo hayana tundu) ulichovye ziwani. Maji yatakaa mahali patatu: ndani ya tundu la kila tete, katikati ya tete na tete, na kidogo yatanaswa kwenye ganda lenyewe.

Sehemu nyeupe ya ubongo imepangika hivyo. Matete yake ni aksoni, nyuzi zinazopitisha ujumbe, nyingi zikiwa na kipenyo cha mikromita 1 hivi. Ganda ni mayelini, tabaka za mafuta zilizoviringishwa kuzunguka uzi; weupe unatoka hapo. Swali la watafiti wanaotumia MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ni dogo: maji ninayoyapima yako wapi kati ya hapo patatu?

Njia ya kwanza ni usambaaji. Hata ziwa likiwa shwari, molekuli za maji hazitulii, joto linazitikisa. Katika maji huru yenye joto la mwili, milisekunde 50 zinatosha molekuli kusogea kama mikromita 17. Iliyo ndani ya aksoni itagonga ukuta kabla ya hapo, ila kufuata urefu wa uzi njia iko wazi. Mwaka 1965 wanasayansi Stejskal na Tanner walionyesha namna ya kulipima hilo: pigo moja la sumaku linaiwekea molekuli alama ya mahali ilipo, la pili linaifuta. Iliyohama alama yake haifutiki vizuri, na mlio wa jumla unapungua.

Mlio? Ndiyo. Fikiria rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe wa shule. Ukiigonga inavuma mpaka wa nyumba ya tatu wasikie. Iegemeze kwenye shina, uigonge tena: ko, imekwisha. Haidrojeni ya maji nayo ikigongwa kwa mawimbi ya redio hulia, kisha hufifia. Ufifiaji huo ndio njia ya pili, na muda wake huitwa T2. Maji yaliyobanwa kwenye mayelini hunyamaza ndani ya milisekunde 10 hadi 20 hivi. Yale yaliyo huru kwenye vyumba vya ubongo huvuma zaidi ya sekunde nzima.

Sasa unganisha. Picha hupigwa nyingi, huku vikibadilishwa vitu viwili: nguvu ya mapigo ya sumaku na muda wa kusubiri kabla ya kusikiliza. Mapigo makali huyanyamazisha maji ya katikati ya nyuzi, yanabaki hasa yale ya ndani. Ukirefusha kusubiri, unayasikia hayo ya ndani yakififia, na vipimo kadhaa vimeyakuta yakidumu kuliko ya nje.

Hapa ndipo wengi huteleza. Picha ya kawaida ya usambaaji husubiri milisekunde 60 hadi 100, na kufikia hapo maji ya mayelini yamekwisha kunyamaza. Anayeitazama na kutangaza kwamba mayelini imepungua anasimulia asichokisikia. Ameona tu jinsi maji mengine yalivyozuiwa.

Kipimo hiki cha pamoja ni kirefu, na kulala ndani ya bomba lile la MRI lenye makelele si starehe, kwa hiyo bado ni cha watafiti zaidi. Mgonjwa wa kiharusi cha damu kuziba hakihitaji: seli zake zinavimba, maji yanakosa pa kusogea, na usambaaji peke yake unaonyesha doa hilo ndani ya saa za mwanzo.