Boni ya mizani na kompyuta ambayo bado haijaundwa

Dereva mmoja alinirudishia karatasi iliyokunjwa mara nne, imelowa jasho na kupakwa vumbi jekundu la njia ya Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia. "Patro, hii karatasi yenu inakatala." Ilikuwa boni, yaani hati ya uzito wa mzigo, ya majaribio, niliyompa aibebe pamoja na ile ya kawaida tuone itafikaje. Ilifika vibaya. Simu iliyotakiwa kuisoma ilizunguka juu ya msimbo wa QR weee, mwisho ikachoka.

Jaribio lenyewe lilihusu kompyuta za kwantamu, mashine za aina mpya ambazo siku moja zinaweza kuvunja sahihi za kidijitali za leo. Najua inachekesha: mimi naandika programu za mizani hapa Lubumbashi, na kompyuta ya kwantamu sijawahi kuiona hata moja.

Mfumo wetu ni mdogo. Lori likipimwa ghalani, programu huandika namba ya gari, mzigo, uzito na saa, kisha hutia sahihi ya kidijitali na kuchapa vyote ndani ya msimbo wa QR. Ni kilomita 90 hivi hadi mpakani, na mtandao huwepo ukipenda. Kwa hiyo simu ya mkaguzi haiulizi seva yoyote. Inahakiki kwa ufunguo wa umma iliobeba yenyewe, yaani namba inayoweza kukagua sahihi lakini haiwezi kuitengeneza. Mtu akigeuza tani 34 kuwa 30, sahihi haikubali.

Sahihi hiyo ina baiti 64 tu. Usalama wake umesimama juu ya hesabu iliyo rahisi kwenda mbele na ngumu mno kurudi nyuma. Mwaka 1994 mwanahisabati Peter Shor alionyesha kuwa kompyuta ya kwantamu yenye uwezo wa kutosha ingerudi nyuma bila shida. Yenye uwezo huo haipo bado: chipu ya Willow, iliyotangazwa na Google Desemba 2024, ina kyubiti (vipande vya msingi vya kompyuta ya kwantamu) 105. Lakini tazama upande wa pili. Mwaka 2019 watafiti Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kuwa kuvunja ufunguo wa biti 2048 wa RSA, hesabu nyingine ya zamani ya aina hiyo, kungehitaji kyubiti milioni 20. Mwaka 2025 Gidney huyohuyo akashusha kadirio hadi chini ya milioni moja. Mashine haijakaribia hivyo. Ni hesabu za kuitumia zilizonyooka. Mimi hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kuchukua nafasi ya hesabu za zamani, vilivyokusudiwa kuhimili kompyuta ya kwantamu. Kimoja cha sahihi kinaitwa ML-DSA, na katika umbo lake dogo kabisa sahihi moja ni baiti 2,420.

Sasa rudi kwenye karatasi. Printa yetu ya joto ina nukta 384 kwa upana. Boni ya zamani, data na sahihi pamoja, inaingia katika msimbo wa miraba 53 kila upande, na kila mraba unapata nukta sita. Kamera yoyote inausoma, hata ya simu iliyopasuka kioo. Boni mpya, ile ya majaribio yenye sahihi ya ML-DSA, inataka miraba 165. Kila mraba unabaki na nukta mbili, yaani robo ya milimita, na ili data itoshe nimelazimika kushusha kinga ya makosa, inayoruhusu msimbo usomeke hata ukiharibika kidogo, hadi ngazi ya chini kabisa. Mkunjo mmoja, tone moja la jasho, kwisha. Ningechukua aina kubwa inayofuata ya ML-DSA, yenye baiti 3,309, isingeingia kabisa: msimbo mkubwa kuliko yote unabeba baiti 2,953.

Vitabu vinasema "badilisha algoriti", yaani njia ya hesabu, kana kwamba ni kubadilisha balbu. Nilipofungua programu yangu mwenyewe nilikuta namba 64 imetawanyika kila mahali: katika safu ya hifadhidata, katika mpangilio wa karatasi, katika programu ya simu. Hakuna palipoandikwa sahihi ni ya aina gani, maana siku ile niliona aina ni moja tu. Hilo ni kosa langu, wala si la fizikia.

Je, niharakishe? Kwa boni, hapana. Boni huisha kazi lori likivuka. Atakayeweza kuighushi miaka kumi baadaye ataghushi karatasi iliyokufa. Siri ndizo za haraka, kwa sababu mtu anaweza kunasa leo mikataba inayopita mtandaoni, akaiweka, akaifungua mashine ikipatikana. Na huko dawa ni nafuu: ML-KEM, kile kiwango cha NIST cha kukubaliana ufunguo wa siri, tayari imo katika OpenSSL 3.5, programu ya kulinda mawasiliano, na katika vivinjari vikubwa. Inaongeza zaidi ya baiti elfu moja mwanzoni mwa mawasiliano, na vifaa vya kale vya mtandao vinaweza kukwama hapo. Pima kwenye laini mbovu kabla ya kuwasha.

Kinachoishi muda mrefu kwetu ni simu za wakaguzi, ambazo hukaa miaka bila kusasishwa. Kwa hiyo nimeanza na baiti moja: ya kwanza katika kila boni sasa inataja aina ya sahihi, na simu ikikutana na aina isiyoijua inaandika "sasisha programu" badala ya "boni bandia". Dereva asilale mpakani kwa sababu ya hesabu zangu.