Kinachovunja kromosomu: dawa au seli yenyewe?

Anayetazama kwa mara ya kwanza kromosomu za seli zilizooteshwa maabarani na kupewa dawa ya saratani huona mapengo na vipande vilivyotengana, akaamini kuwa dawa imekata. Kwa dawa nyingi sivyo. Dawa huacha jeraha kwenye DNA, na seli ndiyo inayogeuza jeraha hilo kuwa mvunjiko inapojaribu kunakili DNA yake.

Mfano ninaoupenda ni mitomisini C. Dawa hii huunganisha nyuzi mbili za DNA zisiweze kuachana. Nikizipa seli za CHO, zitokanazo na ovari ya hamsta wa Kichina, wakati zimekwisha kunakili DNA, kisha nikazikamata katika mgawanyiko unaofuata mara moja, kromosomu hutoka karibu safi. Zikiipata kabla ya kunakili, hali ni nyingine kabisa. Unakilishaji hukwama kwenye kiungo hicho, seli hulazimika kukata DNA ili kukiondoa, na ukarabati ukienda mrama kromatidi moja (mojawapo ya nakala mbili za kromosomu zilizobaki zimeshikana) hubaki imekatika au hujiunga na kromatidi ya kromosomu nyingine. Ndipo tunapoona maumbo yenye mikono minne. Ukiyaona hayo, seli imepitia unakilishaji ikiwa na jeraha.

Bleomisini ina tabia tofauti. Ilitoka Japani katika miaka ya 1960, Hamao Umezawa na wenzake walipoipata kwa bakteria Streptomyces verticillus. Ikisaidiwa na madini ya chuma na oksijeni, hukata nyuzi za DNA yenyewe, bila kungoja unakilishaji. Hata hivyo hatua ambayo seli ilikuwa imefikia ilipopata dawa bado inaonekana kwenye slaidi: mkato uliotokea kabla ya kunakili hunakiliwa pamoja na DNA, kwa hiyo kromatidi zote mbili huvunjika mahali pamoja, na huweza kutokea kromosomu ya duara au yenye sentromia mbili (sentromia ni sehemu ambayo kromosomu hushikwa na kuvutwa seli inapogawanyika). Mkato wa baada ya kunakili hugusa kromatidi moja tu.

Etoposidi iko katikati. Topoisomerasi II, kimeng'enya cha seli, ni fundi anayekata DNA iliyosokotana, akapitisha uzi mwingine, kisha akashona. Etoposidi humzuia asishone. Athari yake haiishii maabarani: wagonjwa wachache waliotibiwa nayo hupata lukemia, saratani ya damu, baadaye, na mara nyingi kromosomu ya 11 huwa imevunjika eneo liitwalo 11q23. Kwa sababu hiyo sikubali kazi hii ya kuchunguza kromosomu ichukuliwe kuwa ya kuhesabu mapengo tu.

Muda wa kuvuna seli, yaani kuzikusanya ili zitazamwe, ndio unaoharibu majaribio mengi. Mzunguko wa seli za CHO, tangu mgawanyiko mmoja hadi unaofuata, ni kama saa 12 hadi 14, lakini dawa huuchelewesha. Ukivuna mapema mno, unahesabu seli zilizokwisha kunakili kabla dawa haijafika. Ukichelewa hadi mgawanyiko wa pili, vipande visivyo na sentromia vimekwisha kupotea au kugeuka viini vidogo pembeni mwa kiini kikuu. Hatua nyingine ni za kawaida: kolsemidi ya kusimamisha mgawanyiko, myeyusho wa kloridi ya potasiamu (KCl) wa kuvimbisha seli, methanoli na asidi ya asetiki kwa uwiano wa 3:1 za kuzihifadhi, kisha rangi ya Giemsa.

Siklofosfamidi ina mtego wake. Ikiwekwa kwenye seli za CHO peke yake huonekana haina madhara, kwa sababu mwilini ini ndilo huigeuza kuwa sumu. Lazima uongeze dondoo la ini, kwa kawaida la panya.

Vinkristini nayo haigusi DNA kabisa. Huvuruga nyuzi zinazovuta kromosomu, hivyo kromosomu nzima huachwa nyuma. Kwenye viini vidogo inafanana na bleomisini, mpaka upake alama ya sentromia: kiini kidogo chenye sentromia kwa kawaida kimebeba kromosomu nzima, kisicho nayo kimebeba kipande. Ripoti inayotoa jumla ya viini vidogo bila kutenganisha hayo mawili siwezi kuitumia kusema dawa imefanya nini.