Nyomi la Tangamano: kamera ilisimama wapi?

Kila msimu wa kampeni vijana wa mtaa wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, hunisimamisha kuuliza kuhusu mikutano ya uwanja wa Tangamano: "Mzee, jana Tangamano palijaa kweli, au ni nyie na kamera zenu?" Nimekula chumvi nyingi kwenye habari za siasa za televisheni, na jibu langu huwa swali: mpiga picha alisimama wapi?

Akisimama chini, mbali, akavuta lenzi, watu waliotawanyika hubanana kwenye kioo kama dagaa kwenye fungu. Mia tatu wataonekana elfu tatu. Akipanda juu ya paa la gari na lenzi pana, mapengo yote hujitokeza, hadi wauza kashata waliokaa nyuma. Picha zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo mtazamaji anapopotea. Mimi hutaka zote mbili, na ya tatu: magari yaliyoegeshwa pembeni. Waliobebwa kwa malori kutoka Muheza na Pangani ni watu, sawa, lakini hawapigi kura jimbo la Tanga Mjini.

Mwaka 1995 televisheni Bara ilikuwa changa. ITV, kituo cha binafsi, ilikuwa imeanza 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na yao tangu 1973. Augustine Mrema, mgombea urais wa upinzani kupitia NCCR-Mageuzi, alikuwa akijaza viwanja, mashabiki wanalisukuma gari lake kwa mikono. Picha tamu mno! Uchaguzi ule ulikuwa na kasoro zake, Dar es Salaam kura zilirudiwa, ila hesabu ya mwisho ilimpa Benjamin Mkapa wa CCM asilimia 61.8 na Mrema 27.8. Aliyetazama viwanja tu alishangaa.

Mwaka 2016 TBC, televisheni ya taifa, iliacha kurusha mijadala yote ya Bunge moja kwa moja, na mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa hadi Rais Samia alipoiruhusu Januari 2023. Kwetu ilikuwa njaa ya picha. Ukipewa picha na mwenye hafla, umepewa pamoja na pembe yake ya kutazamia.

Sasa vyama huja na droni zao na kukuletea kipande kilichokwisha kuhaririwa. Hapo natazama vivuli. Mikutano mikubwa ya Tangamano huchangamka alasiri na kampeni hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo vivuli sharti viwe virefu, vimelala mashariki. Kipande cha "umati wa jana jioni" chenye vivuli vya adhuhuri hakiendi hewani, hata mhariri akinipigia simu mara ngapi.