Ratiba ya Baba Askofu: kazi za mikono na kazi za sura

Ratiba ya Baba Askofu ikishatumwa tu kwenye magrupu ya parishi, simu yangu inakosa amani. Mbona sisi tumeachwa, mbona wenzetu wamepewa Jumapili na sisi tumetupiwa Jumatano, mbona mwaka jana alienda kule na mwaka huu tena kule kule. Mimi ni kasisi, nafanya kazi ya uchaplaini wa askofu kwenye dayosisi moja ya huku Ugogo, na hiyo ratiba naishika mimi, kwa hiyo leo naieleza yote kwa pamoja badala ya kujibu meseji moja moja.

Ukitaka kuisoma ratiba ya askofu wa Kianglikana usianze na tarehe, anza kwa kuuliza hivi: hapo anahitajika mikono yake au sura yake? Kasisi anabatiza, anafungisha ndoa, anazika, anaongoza Meza ya Bwana, anahubiri pengine kuliko hata askofu. Ila kutoa kipaimara, yaani kumwekea mikono aliyebatizwa ili athibitishwe katika imani, hawezi, kumweka wakfu shemasi au kasisi hawezi, na kutabaruku, yaani kuliweka wakfu, kanisa jipya tunamsubiri Baba mwenyewe. Hizo ndo kazi za mikono. Zilizobaki zote, mahafali, harambee, jiwe la msingi, mwaliko wa mkuu wa mkoa, harusi ya mtoto wa mzee fulani, wanataka aonekane tu, na ukweli ni kwamba mtu mwingine angeweza kusimama pale na mambo yakaenda.

Kipaimara ndo inakula ratiba kuliko chochote. Kwa wenzetu Waorthodoksi padre anampaka mtoto mafuta siku hiyo hiyo ya ubatizo, na Wakatoliki askofu anaweza kumruhusu padre atoe kipaimara, lakini sisi tumeshikilia kwamba lazima mikono ya askofu iguse kichwa. Na Kitabu cha Sala cha 1662 kinasema mtu asishiriki Chakula cha Bwana mpaka awe amepata kipaimara, au awe tayari na anataka kukipata. Sasa fikiria parishi ambayo askofu hajafika miaka miwili mitatu, pale kuna watoto wamemaliza mafundisho zamani, wanakaa kwenye benchi wenzao wakienda mbele. Ndo maana nikiona parishi ya mwisho wa barabara ina foleni ya namna hiyo naipa Jumapili, na kanisa la mjini lenye gitaa na projekta nalipa Jumatano, na lawama nazipokea.

Alafu kuna hesabu ambayo watu hawaifanyi. Kila mtoto anapiga magoti, anatajwa jina, anawekewa mikono, anaombewa, anainuka. Weka nusu dakika tu kwa kila mmoja. Wakiwa mia mbili hiyo ni saa moja na dakika arobaini, hapo hujahesabu nyimbo, mahubiri, ushirika, matangazo, na kwaya tano ambazo kila moja imeandaa nyimbo mbili na haitaki kuambiwa iimbe moja. Halafu mtu ananiuliza kwa nini askofu hawezi kufanya parishi tatu kwa siku.

Na huku kwetu mvua inaamua mengi. Kuanzia Desemba mpaka Aprili makorongo yanajaa, kuna vijiji hata Land Cruiser inageuza, na watu wenyewe wako mashambani. Kwaresima karibu yote inaangukia humo. Kwa hiyo msimu wa kweli unaanza baada ya mavuno, mwezi wa sita hivi, watu wana mtama ndani na barabara imekauka, ndo unaona ile mistari mingi ya kipaimara Juni, Julai, Agosti. Septemba mwanzoni nawaacha darasa la saba wafanye mtihani wao, Novemba kidato cha nne nao vile vile. Ukitoa hizo wiki utaona Jumapili zilizobaki ni chache mno kuliko barua zilizoko mezani kwangu.

Tatizo hili sio letu peke yetu wala sio la leo. Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanza mwaka 1927, askofu wake wa kwanza George Chambers, aliyetoka Australia, alikabidhiwa eneo ambalo leo lina maaskofu kadhaa. Mtu mmoja, mikono miwili, Dodoma mpaka huko Ziwa Victoria. Ilibidi ikatwe: Victoria Nyanza 1963, Morogoro 1965, Western Tanganyika 1966, Mpwapwa 1991, na nyingine baadaye, mpaka leo Kanisa Anglikana Tanzania lina dayosisi 28. Watu wanapenda kusema dayosisi zinagawanywa kwa sababu ya ukabila na vyeo, na sikatai kwamba hayo yapo, ila kabla ya hayo kuna watoto waliokuwa wanasubiri kwenye benchi.

Kuna wiki pia askofu anapotea kabisa kwenye ratiba na mnaanza kuulizana kama anaumwa. Mara nyingi ameenda dayosisi nyingine kumweka wakfu askofu mpya. Askofu mmoja hamweki wakfu askofu mwenzake peke yake, tangu mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, wanatakiwa wasiopungua watatu, kwa hiyo kila dayosisi ikipata askofu, maaskofu wengine lazima waache kazi zao. Wazee watakumbuka habari za Namirembe, Uganda, Mei 1955, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alipowaweka wakfu Waafrika wanne kwa siku moja, Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya, Daniel Deng Atong wa Sudan, na Yohana Omari wetu, aliyerudi Tanganyika kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza hapa kushika kazi hiyo. Na hata akiwa huko ugenini askofu hajifanyii tu, bila ruhusa ya mwenye dayosisi hawezi kutoa kipaimara hata kwa mtoto mmoja.

Sasa nije kwenye ziara yenyewe, maana watu wanaona bodaboda zenye matawi, ngoma, Baba Askofu na Mama Askofu wanashuka kwenye gari, wanadhani kazi imeanza hapo. Kazi ilianza jana yake jioni. Askofu akifika anaomba vitabu: rejista ya ubatizo, ya kipaimara, ya ndoa, ya ibada na mahudhurio, na kitabu cha mhazini. Anakaa na kasisi na wazee wa kanisa kwenye kachumba ka nyuma, taa ya sola, anapekua. Kwa nini mwaka mzima hakuna ubatizo kule mtaa wa mbali? Kwa nini sadaka imeandikwa kwa mkono mmoja na sahihi za mashahidi hazipo? Mwinjilisti amelipwa lini mara ya mwisho? Nimeona vikao vya namna hiyo vikienda mpaka usiku na chai ikapoa. Kwangu mimi hiyo ndo ziara, na ningeambiwa nipunguze kitu ningepunguza mnada. Samahani wapenzi wa mnada, najua unajenga makanisa, lakini kuku mmoja kunadiwa dakika ishirini huku watoto wa kipaimara wamekaa juani na wengine hawajala tangu jana, hapana.

Kwenye upande wa sura nina msimamo ambao najua haunipendezeshi kwa watu wenye uwezo. Harusi nakataa karibu zote, kasisi wenu yupo na ndoa atakayoifungisha ni halali sawa sawa. Harambee namwomba arkidikoni, yule kasisi anayesimamia parishi kadhaa kwa niaba ya askofu, aende. Ila msiba wa mwinjilisti mzee aliyetembea kwa miguu miaka yote hiyo bila mshahara wa maana, huo nafuta kitu kingine ili Baba aende.

Wenzetu wa Tanga, Zanzibar na Masasi, kule walikofika wamisionari wa UMCA, ambao ibada zao zinakaribia za Kikatoliki, mambo yao yana sura nyingine kidogo, utakuta Alhamisi Kuu imefungwa kwa misa ya mafuta, ambapo askofu anabariki mafuta matakatifu, mapadre wanamjia askofu kurudia nadhiri zao. Sisi tuliolelewa na CMS, shirika lingine la wamisionari wa Kianglikana, wiki hiyo kila mchungaji yuko kwake, na askofu tunampangia parishi moja ya Ijumaa Kuu na moja ya Pasaka.

Kwa miezi iliyobaki mwaka huu, kipaimara zinaendelea mpaka mwanzoni mwa Novemba, kisha kuna kikao cha halmashauri ya kudumu, na Desemba kabla ya Krismasi tunaweka wakfu mashemasi na makasisi. Hiyo ya Desemba inaonekana mstari mmoja kwenye ratiba lakini inabeba wiki nzima: mahojiano, mafungo ya kimya ambayo askofu mwenyewe anafundisha, kiapo cha utii, na matangazo kwenye parishi wanazotoka ili mwenye pingamizi aseme mapema. Siku yenyewe angalieni kitu hiki: kwa shemasi ni askofu peke yake anayeweka mikono, kwa kasisi makasisi wote waliopo wanasogea na kuweka mikono pamoja naye. Na kwa mnaouliza kuhusu akina mama, kwenye Kanisa Anglikana hapa nchini kila dayosisi ina uamuzi wake, jirani zetu Central Tanganyika waliwapokea kwenye ukasisi tangu enzi za Askofu Godfrey Mhogolo, na kuna dayosisi nyingine hazijafika huko.

Ratiba ya mwaka ujao naanza kuipanga Oktoba. Barua ipitie kwa arkidikoni, sio kwenye inbox yangu, ionyeshe idadi ya watoto na walianza mafundisho lini, na kama parishi mbili jirani zinaweza kukutana kanisa moja semeni mapema, mtapata tarehe haraka zaidi. Kila jina liwe na tarehe ya ubatizo na namba ya cheti, kwa sababu orodha isiyo na hizo nairudisha, na ikisharudi inaenda nyuma ya foleni.