Kwa nini upigwe CT tena Dar wakati Mtwara ulishapigwa?

Nikija nyumbani Mtwara, swali ni hilo hilo. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi, CT (picha za mwili kwa vipande, kwa eksirei) kapigwa huku, MRI (picha za sumaku) anayo, hela imeshatoka. Akifika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, anaambiwa alale tena kwenye mashine. Kwani hawaziamini picha za kwetu?

Wanaziamini. Mimi ni mfizikia wa tiba ya mionzi, na picha hizo nazihitaji sana, ila kila moja ina kazi yake. CT ya uchunguzi hupigwa kwenye meza iliyobonyea katikati. Mashine ya mionzi ina meza bapa, na mgonjwa atalala juu yake kwa mkao ule ule, mara nyingi kwa wiki tano. Ndiyo maana CT ya kupangia tiba hupigwa kwenye meza bapa, na alama zikachorwa ngozini. Kutokana nayo kompyuta hujua msongamano wa kila tishu na kukokotoa dozi ya mionzi.

Lakini CT haionyeshi vizuri uvimbe umeishia wapi. MRI inaonyesha. Basi tunazilandanisha: kompyuta inaisogeza na kuizungusha MRI juu ya CT mpaka zikae pamoja. Mfupa ni mweupe kwenye CT na gamba lake ni jeusi kwenye MRI, kwa hiyo haitafuti rangi zinazofanana. Inatafuta mkao ambao rangi ya picha moja inabashirika vizuri zaidi kutokana na ya pili. Njia hiyo ilishika kasi miaka ya 1990.

Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mifupa ya nyonga ikikaa sawasawa kwenye skrini, mtu hushawishika kusema tayari. Kizazi hakikufungwa kwenye mfupa! Kibofu cha mkojo kikijaa, kizazi kinanyanyuka; kibofu kikiwa kitupu, kizazi kinalala mbele. MRI ikipigwa kibofu kitupu na CT kibofu kimejaa, mifupa italandana kabisa huku uvimbe umepishana hata kwa sentimita nzima. Ukichora mpaka kwa picha hizo, sehemu ya saratani inakosa dozi, na puru (mwisho wa utumbo mpana) au kibofu kinaipokea. Zipo programu zinazovuta na kukunja picha ili tishu laini zifuatane, nazo huweza kuleta umbo lisilokuwepo mwilini. Kwa hiyo nakagua kipande kwa kipande: ukingo wa kibofu, puru, shingo ya kizazi yenyewe. Zikigoma kukubaliana, namwambia daktari, na pengine MRI inarudiwa.

Ndugu unayemsindikiza mgonjwa, usibebe karatasi ya majibu peke yake. Omba CD yenye picha zenyewe, maana filamu ya kutundika ukutani hainifai kwa kazi hii, na hakikisha jina ni lake kabla hamjapanda basi. Akiambiwa anywe maji na asiende chooni kwanza, anywe kiasi kile kile walichomwelekeza, kila siku ya tiba.