Eti "operesheni imekataa"? Haijakataa

Jirani yangu hapa Kangemi ana kijana aliyezaliwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, akafanyiwa operesheni akiwa na miaka 9. Siku ya kutolewa bandeji ukoo mzima ulikuwa unangoja tu aseme "Mama nakuona". Akanyamaza. Akakodoa macho weee, halafu akanyoosha mkono akamshika mama yake usoni, ndio akatabasamu. Shangazi mmoja akasema hapo hapo, operesheni imekataa. Iliniuma sana hiyo.

Wengi wanadhani jicho ni kama dirisha, ukivuta pazia unaona nje. Si hivyo. Jicho linaingiza mwanga, lakini kujua hiki ni kikombe na hiki ni kivuli cha kikombe ni kazi ya ubongo, na hiyo kazi sisi tulijifunza tukiwa wadogo hata hatukumbuki. Mwaka 1728 daktari Mwingereza, William Cheselden, aliandika habari za kijana wa miaka kama 13 aliyemfanyia operesheni ya mtoto wa jicho. Kijana alidhani kila anachokiona kinamgusa macho, na paka na mbwa walikuwa wanamchanganya mpaka siku moja akamkamata paka, akampapasa huku anamwangalia sana, akamwambia siku nyingine nitakujua.

Ingine ni eti kipofu akipata macho maisha yanakuwa rahisi mara moja. Sidney Bradford, wa huko huko Uingereza, alipoteza macho akiwa mtoto mchanga na akapandikizwa konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, akiwa na miaka 52, karibu 1959, na mwanasaikolojia Richard Gregory akamfuatilia. Saa ya ukutani aliisoma bila kufundishwa, kwa sababu miaka yote alikuwa anapapasa mishale ya saa yake ya mfukoni, na herufi kubwa pia alizijua kwa sababu shuleni alizishika kwa vidole, zile ndogo hakuwahi kuzishika na zikamshinda. Akachora basi, akaacha pua ya mbele, mahali ambapo mkono wake haukuwahi kufika. Na barabara sasa! Akiwa kipofu alikuwa anavuka na fimbo yake bila wasiwasi, alipoanza kuona magari akawa anaogopa kuvuka hata akiwa ameshikwa mkono. Mtu kama huyo umsimamishe barabara ya Tom Mboya, Nairobi, saa kumi na moja jioni atajisikiaje? Huzuni ikamzidi, akafariki 1960.

Halafu hii ya kwamba kipofu anaona giza tupu. Wengi wao wanaona mwanga kidogo au vivuli, na aliyezaliwa bila kuona kabisa hata giza halioni, kama vile kisogo chako hakioni nyeusi wala nyeupe. Na ile ya kwamba kipofu amepewa masikio makali kuliko wengine, hakuna aliyeongezewa, ni mazoezi, na ubongo wenyewe unahamisha kazi: mtu aliyezoea Braille, yale maandishi ya nukta, tangu utotoni akisoma kwa vidole, ile sehemu ya ubongo ya kuona ndio inafanya kazi.

Kuna wale wanasema mtoto akishakuwa mkubwa amechelewa, msihangaike. Hapana jamani. Utafiti uliotolewa 2011 ulifuata watoto watano India, wa miaka 8 hadi 17, waliotoka tu operesheni. Kitu walichokishika bila kukiona hawakuweza kukitambua kwa macho, lakini ndani ya siku chache tu wakaanza kuweza. Kweli mapema ni bora zaidi, mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho mzito madaktari hutaka kumfanyia ndani ya wiki za kwanza, kwa hivyo ukiona weupe kwenye mboni ya mwanao usingoje akue, mpeleke kliniki ya macho wiki hiyo hiyo.

Kijana wa jirani sasa anajua rangi ya matatu ikiwa bado mbali. Sura ndio bado zinamsumbua, kwa hivyo mama yake akifika getini humwita kijana kwa jina kwanza, halafu anasimama kidogo amwangalie.