Kumpa mtu nafasi ya pili hakumpunguzii wa kwanza

Jioni moja tu ya darasa la uraia hapa Portland, jimboni Maine, Marekani, ambako katika chaguzi kadhaa mpiga kura huwapanga wagombea kwa nafasi, wa kwanza, wa pili na kuendelea, watu watano waliniambia neno lilelile, kila mmoja kwa wakati wake: "Mwalimu, mimi ninajaza mmoja peke yake. Nikimweka wa pili, nitakuwa nimempunguzia wangu." Mmoja wao, mama mtu mzima aliyeishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku, alikuwa amejaza karatasi ya mfano kwa uangalifu mkubwa. Jina moja, viduara vyote vinne, mstari mzima mweusi. Akaniambia ameipa kura yake nguvu mara nne.

Nimetafsiri na kufundisha mambo haya kwa miaka, na hakuna kosa linaloniuma kama hili, kwa sababu anayelifanya ni mtu aliyefanya kila kitu kingine sawasawa. Ameusubiri uraia, amekula kiapo, amejiandikisha, amepanga foleni kwenye baridi ya Novemba. Halafu kura yake inaishia njiani bila yeye kujua.

Mimi ni mtu wa Kigoma, kwa hiyo mama yule nilimweleza kwa samaki. Umemtuma mtoto mwaloni Kibirizi na hela ya kitoweo cha siku moja. Unamwambia: leta kuhe. Ukikuta kuhe wameisha, leta migebuka. Migebuka nayo ikiwa imeisha, basi dagaa. Je, kutaja migebuka kumewapunguza kuhe? Kuhe wakiwepo, mtoto hata hageuki kutazama migebuka. Na akirudi na migebuka, ametumia hela mara mbili? Hela ni ileile, na kitoweo ni kimoja. Sasa wewe mama uliyejaza viduara vinne umemwambia mtoto: leta kuhe, ukikosa leta kuhe, ukikosa tena leta kuhe. Kuhe wakiisha, mtoto anarudi mikono mitupu na nyumba inalala bila mboga.

Kura ya kupanga wagombea inahesabiwa hivyohivyo. Raundi ya kwanza zinahesabiwa chaguo za kwanza tu. Kukiwa na aliyepita nusu, kazi imekwisha, na nafasi yako ya pili haitazamwi na mtu. Asipopatikana, wa mkiani wanatolewa, na karatasi za waliowapigia hao waliotolewa ndizo zinazosomwa nafasi inayofuata. Wako wa kwanza akiwa bado yumo, wa pili wako hana anachopata. Anaanza kupata siku wa kwanza ameshatoka, na hapo hakuna tena wa kumpunguzia.

Anayetaka ushahidi wa tarakimu atazame uchaguzi wa Kongresi, yaani Baraza la Wawakilishi la Marekani, katika Wilaya ya Pili ya Maine, Novemba 2018. Bruce Poliquin wa Republican aliongoza raundi ya kwanza kwa kura 134,184. Jared Golden wa Democratic alimfuata na 132,013. Wagombea wawili huru, Tiffany Bond na Will Hoar, walipata kwa pamoja 23,427. Hakuna aliyepita nusu, wale wawili wakatolewa, karatasi zao zikasomwa upya kule Augusta, mji mkuu wa jimbo. Golden akamaliza na 142,440, Poliquin na 138,931. Tofauti ni kura 3,509.

Sasa hesabu mwenyewe. Jumla ya raundi ya kwanza ni kura 289,624, na ya mwisho ni 281,371. Zaidi ya kura 8,000 hazikufika mwisho kwa sababu hazikuwa na chaguo halali la kuendelea nalo, idadi inayozidi mara mbili ile tofauti iliyoamua kiti cha Kongresi. Aliyeacha wazi kwa kukusudia, kwamba asipopata wake basi hamtaki yeyote kati ya waliobaki, ametumia haki yake na simlaumu. Ninayemsikitikia ni yule aliyeacha wazi akidhani anamlinda mtu wake.

Kutokana na uchaguzi huohuo kuna wanaosema aliyeongoza mwanzo alidhulumiwa. Poliquin mwenyewe alikwenda mahakama ya shirikisho, na jaji akaikataa hoja yake Desemba mwaka huohuo. Mpiga kura aliyempa Poliquin namba moja alihesabiwa raundi zote mbili kwa Poliquin. Aliyempa Bond namba moja na Golden namba mbili alihesabiwa mara moja kila raundi, sawa na mwenzake. Hakuna aliyekuwa na kura mbili.

Ushauri wangu ninaoupigia kelele kila msimu ni huu: soma safu kwa safu, kutoka juu kwenda chini. Majina yako kushoto, nafasi ziko juu. Kila safu kiduara kimoja, kila jina kiduara kimoja. Ukijaza wawili kwenye safu moja, kura yako inakwama hapo. Ukiruka safu moja mashine inasoma inayofuata, lakini ukiruka mbili mfululizo imekwisha. Si lazima uwapange wote. Ishia pale ambapo waliobaki kwako hawana tofauti. Ukikosea, usifute wala usichorechore. Mrudishie msimamizi hiyo karatasi, omba nyingine. Hakuna atakayekugombeza.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata wenyeji waliozaliwa hapa, nalo ni kudhani kwamba Maine sasa kila kitu ni kupanga. Sivyo. Mchujo wa vyama ni wa kupanga, ukiwemo wa gavana na wa bunge la jimbo. Uchaguzi mkuu wa Novemba wa rais, Seneti ya Marekani na Kongresi ni wa kupanga. Lakini Novemba hiyohiyo, gavana na wabunge wa jimbo wanachaguliwa kwa mtindo wa zamani: kiduara kimoja, mwenye nyingi ameshinda, hata asipofika nusu. Janet Mills alipitia yote mawili ndani ya mwaka mmoja. Juni 2018 alishinda mchujo wa wagombea saba kwa kupangwa, raundi baada ya raundi, kisha Novemba akashinda ugavana kwa kura ya kawaida.

Na cha kusikitisha, ugavana ndio uliolileta jambo hili mezani. Mwaka 2010 Paul LePage alipata ugavana kwa asilimia 38 hivi, Eliot Cutler, mgombea huru, akiwa nyuma yake kwa karibu sana, na watu wengi waliona kura za upande wao zimegawanyika bure. Wananchi wakapitisha kura ya kupanga Novemba 2016. Mei 2017 majaji wa mahakama kuu ya jimbo wakatoa maoni kwamba katiba ya Maine inataka gavana na wabunge wa jimbo wapatikane kwa wingi wa kura tu. Bunge likataka kuusimamisha mfumo wote, na Juni 2018 wananchi wakapiga kura tena kuunusuru pale ambapo katiba ya jimbo haiuzuii, yaani kwenye mchujo na chaguzi za shirikisho. Ndiyo maana una mifumo miwili siku moja. Soma maelekezo yaliyo juu ya kila kinyang'anyiro kabla kalamu haijagusa karatasi.

Sasa niseme na wenye grini kadi, na hapa ninaomba msikilize kuliko kwingine kote. "Nimelipa kodi miaka mitano, kwa nini nisipige kura?" Kwa sababu wewe bado si raia. Asiye raia kupiga kura ya shirikisho ni jinai kwa sheria ya 1996, na inaweza kukuondoa nchini humu, wewe na mipango yako yote. Kura ya mji nayo usijidanganye: wakazi wa Portland waliulizwa mwaka 2010 kama wasio raia waruhusiwe kwenye chaguzi za mji, wakakataa.

Nimemsindikiza mzee mmoja aliyejiandikisha kwa kutia alama tu kwenye fomu aliyopewa dirishani. Aliulizwa haraka haraka kwa Kiingereza, akaitikia "yes" kwa adabu, kama tunavyoitikia wakubwa. Miaka baadaye fomu ya kuomba uraia ikamuuliza: umewahi kujiandikisha kupiga kura? Umewahi kupiga? Mikono ilimtetemeka. Mtu yeyote akikupa fomu usiyoielewa, usisaini. Omba mkalimani, ni haki yako kuuliza. Na kama umeshajiandikisha kwa makosa, usiendelee na ombi la uraia kabla hujaonana na mwanasheria wa uhamiaji. Mwanasheria, ndugu yangu. Jirani aliyefaulu mtihani wa uraia hatoshi.

Yaliyobaki nitayapitia upesi.

Wanasema ukichelewa kujiandikisha umekosa. Maine inaruhusu kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi tangu 1973. Mwaka 2011 bunge la jimbo lilifuta jambo hilo, na Novemba ileile wananchi wakalirudisha kwa kura. Nenda na kitu kinachoonyesha wewe ni nani na unakaa wapi. Uliyekula kiapo juzi, cheti chako cha uraia kibebe.

Wanasema bila kitambulisho chenye picha hupigi. Aliyekwisha kuandikishwa hutaja jina na anwani, basi. Pendekezo la kudai picha lilipelekwa kwa wananchi Novemba 2025, likakataliwa.

Wanasema jimbo zima humpa rais mmoja kura zote. Hapa na Nebraska sivyo. Maine ina kura nne za wajumbe wanaomchagua rais: mbili kwa mshindi wa jimbo, moja kwa mshindi wa kila wilaya. Mwaka 2016, 2020 na 2024 zilitoka tatu kwa Democratic na moja kwa Trump, kutoka Wilaya ya Pili. Kwa hiyo ndugu zetu wa Lewiston, ambao wako wilaya hiyo, msiambiwe kura zenu hazina kazi.

Wanasema mfungwa hana kura. Katika majimbo mengi ni kweli, lakini Maine na Vermont mtu anapiga hata akiwa gerezani, na huku kwetu kura yake inahesabiwa katika mji aliokuwa akiishi kabla. Kina mama wenye vijana ndani, mwambieni kijana aombe karatasi.

Wanasema lazima ujiunge na chama ndipo upige kura ya mchujo. Tangu 2024 asiye na chama anachagua karatasi ya chama kimoja na kupiga, bila kujiunga.

Na wanaoniuliza Mwanasheria Mkuu wa jimbo anapigiwa kura lini: hapigiwi na wewe. Yeye, Katibu wa Jimbo na Mweka Hazina huchaguliwa na bunge la jimbo, wawakilishi 151 na maseneta 35 wakikaa pamoja. Ukitaka kuwafikia hao, mjue mwakilishi wako, maana huyo anachaguliwa kila miaka miwili na mtu kama wewe.

La mwisho ni letu wenyewe, Waswahili. Dada mmoja anayefanya kazi ya usafi hakupiga kura kwa sababu alitoka kazini saa tisa alasiri, na kwenye tangazo alisoma kwamba kituo kinafungwa saa 8. Akaisoma kwa saa zetu: saa nane mchana, basi imeshapita. Akapanda basi akarudi nyumbani, na kituo kilikuwa wazi mtaa wa pili tu kutoka alikoshukia. Vituo vya Maine vinafungwa saa mbili usiku. Karatasi ya kura uliyoichukua kujazia nyumbani nayo lazima iwe imemfikia karani wa mji kabla ya hiyo saa mbili, kwa hiyo usiitie posta siku ya mwisho, ipeleke kwa mkono. Na ukiwa umeshaingia kwenye foleni saa mbili ikigonga, usiondoke. Utapiga kura, hata ikifika saa nne.